Boti ya Mwisho wa Juni

Boti iliingia Bremmerton mchana wa joto kali, juu ya trela la lori refu, na kabla haijafika tuliiona ikielea. Ndivyo kulivyo kwetu. Jua likishapanda, uwanda ule mweupe wa chumvi huyeyuka machoni, na chochote kinachokuja kwa barabara ya kusini huonekana kwanza bila miguu wala magurudumu: ng'ombe, gari la barua, kasisi. Siku hiyo ilikuwa zamu ya boti. Ilikuwa ya kijivu, pua imeinuka, haina haraka, na chini yake yametandazwa maji ambayo hayapo.

Baba yangu alikuwa amekaa barazani kwenye hoteli yangu, blanketi magotini hata katika joto lile. Wengine wote walisimama midomo wazi. Yeye alitazama tu, kama mtu anayengoja mkate wake wa kila siku.

“Wamechelewa,” akasema. “Lakini si kitu. Una, binti yangu, nitafutie kofia yangu.”

“Kofia gani, Baba?”

“Ya kazi. Unataka nipande kichwa wazi mbele ya mabaharia?”

Jina lake Wilf Keogh. Ujanani alikuwa baharia wa jeshi la majini, kisha akampenda mama yangu, binti wa wafuga kondoo wa huku bara, akamfuata hadi mahali ambapo ukitaka kuiona bahari unafunga safari ya siku nzima. Aliishi hapa maisha yake yote yaliyobaki bila kukubali kwamba yuko nchi kavu. Watu wa kwetu wakichimba mawe ya thamani hukuta konokono wa baharini waliogeuka jiwe, wanametameta rangi zote, na Baba alikuwa akiwaonyesha wageni na kuwaambia kwamba bahari imetoka kidogo tu, itarudi. Alipozeeka, akili yake ikaanza kwenda na kurudi. Ikienda, ilikwenda melini. Hilo halikunisumbua. Nilimpikia, nikamwogesha, na akitaka nimwitikie “ndiyo, nahodha” niliitikia.

Kilichonisumbua ni kitu kimoja. Nilimwahidi kwamba atafia hapa nyumbani na kuzikwa kilimani kando ya mama. Hatapelekwa Adelaide, jiji la pwani, kwenye ile nyumba ya wazee aliyoipata kaka yangu, yenye mazulia ya rangi ya uji. Na kilichoitishia ahadi hiyo hakikuwa ugonjwa. Yalikuwa maji.

Kisima kirefu cha Bremmerton ni mali ya jeshi. Walikichimba zamani walipojenga ghala lao hapa, nasi tukapewa bomba moja. Maji yake ni ya moto na yananuka kiberiti, lakini ni maji. Enzi za babu yalikuwa yakiruka yenyewe. Siku hizi yanapanda hadi karibu na mdomo wa kisima, yanasimama pale kama mgeni mwenye haya, mpaka uyavute. Na pampu ya kuyavuta ilikuwa imechoka. Sajini Darcy Munro, fundi wa ghala, alikuwa ameifunga kwa waya, kwa mikanda na kwa matusi, na bado alisema haitaona mwisho wa kiangazi. Pampu ikifa, mji unahamishwa.

Sasa niwaambie boti ilivyopatikana, maana hata leo nikisimulia watu hudhani natunga.

Mwaka wa fedha wa serikali yetu huisha mwisho wa Juni. Juni kwetu ni baridi, na ndani ya baridi hiyo watu wa jeshi hushikwa na homa. Fedha ambayo haijatumika ikirudi makao makuu, wakubwa wa kule husema kumbe hamkuihitaji, na mwaka unaofuata wanaikata. Ghala dogo likikatwa mara mbili hivi linafungwa. Kwa hiyo kila Juni ghala letu lilinunua. Mwaka mmoja walinunua maturubai, mengi kiasi cha kuufunika mji mzima pamoja na kanisa, na bado yakabaki. Mwaka mwingine yakaja mabuti ya theluji. Theluji sisi tunaiona kwenye kadi za Krismasi. Wanawake wa mji tulipanda maua ndani ya yale mabuti, na lazima niseme yalipendeza.

Mkuu wa ghala alikuwa Meja Petherick, mtu mrefu, mpole, mwenye uso wa mwalimu wa shule ya Jumapili. Alikuwa akila kwangu. Juni ile alikuja na Darcy, wakakaa karibu na jiko, nikawapa mchuzi wa kondoo na mkate wa majivuni. Baba alikuwa pembeni kwenye kiti chake, amefumba macho.

“Meja, nunua pampu,” nikamwambia. “Si ndio msimu wenu wa kununua?”

“Siwezi, Una. Pampu ya kisima ni matengenezo. Fungu la matengenezo limekwisha tangu Machi.”

“Na hiyo fedha inayowakosesha usingizi ni ya fungu gani?”

“Vifaa. Fungu la vifaa limejaa.”

“Basi chota kwenye vifaa utie kwenye matengenezo.”

Darcy alicheka mpaka akaweka kijiko chini. “Dada yangu, neno hilo ukalisemee makao makuu. Watakupima akili.”

“Ni jela,” akasema Meja, kwa upole uleule. “Na sisemi kwa mfano.”

“Kwa hiyo fedha ipo, pampu zimejaa madukani, na sisi tufe kiu hapo katikati.”

“Hamtakufa. Mtahamishwa.”

Nilimwondolea sahani kabla hajamaliza. Sikujali cheo chake. Alibaki ameshika kipande cha mkate, hajui akiweke wapi, na nikaona kwamba mtu huyu naye hajalala siku nyingi. Nikamrudishia sahani, ila sikumwongezea nyama.

Darcy ndiye aliyesema, taratibu, akiangalia moto. “Afande, kwenye orodha ya vifaa kuna boti.”

“Tuko jangwani, Sajini.”

“Najua tulipo. Lakini kila boti inakuja na pampu yake ya kuzimia moto. Ya shaba, kubwa hivi. Imetengenezwa kuvuta bahari, afande. Kisima chetu itakipiga kama bia ya kwanza ya Ijumaa.”

Meja akakiweka chini kile kipande cha mkate. Makao makuu walikuwa wameshafunga mkataba wa boti nyingi kuliko gati walizokuwa nazo, na kila mkuu mwenye fungu lililojaa alikuwa akibembelezwa achukue moja. Kuichukua hakukuhitaji maelezo. Maelezo yalihitajika ukiikataa.

“Watauliza bahari iko wapi,” akasema Meja.

“Kwenye fomu hakuna mahali pa kuuliza hilo. Nimetafuta.”

“Chukueni yenye usukani wa mbao,” akasema Baba, macho bado ameyafumba.

Ndivyo tulivyonunua boti kwa ajili ya pampu yake.

Ilipofika, mwezi wa Novemba, waliishusha kwenye magogo karibu na kisima, nasi tukaizunguka kama watu waliokuja kutazama maharusi. Ilinuka rangi mpya na kitu kingine ambacho wengi wetu hatukukijua. Baba alisema ni chumvi hai, si hii mizoga ya kwetu. Alipanda ngazi akiwa na kofia yake, bila fimbo, akaenda moja kwa moja kwenye usukani. Haukuwa wa mbao, lakini alisamehe. Tangu siku ile kumshusha ikawa vita, mpaka nikachoka, nikapeleka godoro lake kwenye kibanda cha ndani, na chai yake nikawa naipandisha kwa kamba.

Darcy alikuja hotelini jioni ya pili, uso umemshuka.

“Pampu imeungwa na injini ndani kwa ndani,” akasema. “Kuitoa ni kuipasua boti. Na injini inajipoza kwa kunywa maji ya chini ya boti. Nimejaribu kuinywesha kwa mpira wa bustani, imekohoa ikafuka moshi. Haifanyi kazi mpaka ielee.”

“Ielee wapi?”

“Ndiyo maana nimekuja kunywa kwanza.”

Tulicheka. Tungefanya nini? Tulikuwa tumepata pampu ya kutuletea maji, na pampu inataka maji kwanza. Ile ya zamani ilikuwa bado inaguna, na mtu akishakunywa bia yake jioni, akaona boti imesimama peke yake kwenye uwanda mweupe, taa ndogo ya Baba ikiwaka dirishani, anaanza kuamini mambo mengi.

Januari pampu ya zamani ikafa. Iliguna mara moja asubuhi, kama mtu anayejigeuza kitandani, ikanyamaza. Meja akapiga simu makao makuu siku nzima. Jibu lilikuwa kwamba fungu la matengenezo litaangaliwa Julai, na kwa sasa wakazi waanze kufungasha. Kaka yangu naye akapiga kutoka Adelaide. Chumba kimepatikana, akasema, kina dirisha. Nilimwambia laini ni mbaya, simsikii. Nilikuwa namsikia vizuri kabisa.

Darcy akaja na shauri ambalo kila mmoja alikuwa ameshalifikiria akaogopa kulisema. Tuchimbe shimo kuizunguka boti. Tulitandike yale maturubai. Tulijaze maji mpaka boti ielee, tuiwashe, ivute kisima. Maji ya kulijaza shimo yalikuwepo: ndiyo yale yaliyobaki kwenye matangi yetu, ya kunywa, ya kupikia, basi.

Watu wa mji walikusanyika kwangu kwenye ukumbi wa bia, na hakuna aliyeagiza bia.

“Na isipovuta?” akauliza mwenye duka.

“Isipovuta,” akasema Meja, “keshokutwa tunaondoka wote, na midomo mikavu.” Alivua kofia yake. “Siwezi kuwaamuru. Maji ni yenu. Mimi nilichonacho ni maturubai.”

Sikuwa jasiri. Nataka hilo lieleweke. Nilikuwa naogopa mazulia ya rangi ya uji kuliko nilivyoogopa kiu, basi. Nikasema tangi la hoteli wachukue lote. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa mtu mwingine kuwa bahili.

Askari walichimba siku ile na kesho yake, wakatandika turubai juu ya turubai. Alfajiri watu wakaja na maji. Sijaona kitu kama kile tena. Mji mzima unatembea kimya juu ya chumvi katika ule mwanga wa samawati, kila mtu na chombo chake: ndoo, birika, beseni la mtoto, sufuria ya jamu. Kasisi alileta maji ya ubatizo. Mwenye duka alileta barafu yote ya kwenye friji lake, akaimwaga bila kuitazama. Kilichosikika ni maji yakiangukia maji, mlio ambao sisi huwa tunausikia kwenye filamu. Nilikuwa nimemwaga ndoo yangu ya mwisho niliposikia magogo yanalia. Boti ilitikisika. Ikainama kidogo upande mmoja kama anayesikiliza, ikanyooka, na kukawa na mwanga mwembamba kati yake na magogo.

“Fungueni kamba,” akasema Baba kutoka juu.

Hakukuwa na kamba. Darcy aliinama akafungua hewa, kwa heshima zote. “Tayari, nahodha.”

Injini ikawaka. Pampu ikavuta hewa, ikavuta hewa, ikavuta hewa. Mwanamke aliyekuwa kando yangu akanishika mkono, akaubana mpaka leo naukumbuka mbano ule. Kisha mpira ukashtuka, ukanyooka, na maji ya moto yanayonuka kiberiti yakatoka kwa nguvu yakampiga Meja Petherick kifuani, akaanguka kwa kukaa chini. Alibaki amekaa pale kwenye tope, anacheka. Mimi nililia. Nililia kwa sauti, mbele ya watu ambao huwa nawafukuza kwenye baa wakilia.

Kiangazi kile kilichobaki nakikumbuka kama mtu anavyokumbuka kitu alichoota akiwa macho. Boti ilielea katika bwawa lake katikati ya chumvi, injini ikivuma toka asubuhi hadi jioni, na matangi yote yamejaa. Watu walipanda nyanya. Siku moja walikuja mwari wawili, wale ndege wakubwa weupe wenye mfuko mdomoni, wakitoka kusikojulikana, wakatua bwawani wakazunguka boti kama walikuwa na miadi nayo. Baba aliwaita kwa majina ya mabaharia wenzake waliokufa. Jioni nilipompelekea chakula, aliniambia tulipo: leo tumepita visiwa, leo upepo ni wa kusini, kesho tutaona taa. Nilikaa naye sitahani, miguu inaning'inia juu ya maji, na mara nyingine nikatazama mbele nikaziona hizo taa. Sikujisumbua kujiuliza ni nini.

Meja alikuwa akija pia. Alivua viatu na soksi, Baba akamwachia usukani.

“Kulia kidogo, kijana,” Baba alimwambia. “Unaendesha kama unaomba radhi.”

“Nimezoea, nahodha,” akajibu Meja. Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ya chini: “Unajua niliingia jeshini nilinde kitu, Una. Nimelinda maturubai miaka yote. Hii ndiyo mara ya kwanza nalinda kitu.”

 Nilimkatia kipande kikubwa cha pai.

Mwezi wa Mei akaja mkaguzi kutoka makao makuu, Bi Voss, mwanamke wa makamo mwenye macho ya mtu anayelala kwenye ndege. Mji mzima uliogopa. Darcy alitaka wafunike boti kwa maturubai na kusema ni kilima. Meja alikataa, akasema atamwonyesha kila kitu na kusema kila kitu, na kama ni jela iwe jela. Akampeleka mwenyewe bwawani. Bi Voss aliwatazama mwari. Akamtazama Baba, aliyempigia saluti. Akapanda, akashuka chini kwenye injini na tochi, akaisoma ile mita inayohesabu saa ambazo injini imefanya kazi, akaifuta kwa kidole, akaisoma tena.

“Meja,” akasema, “nimekagua boti za mkataba huu pwani nzima. Nyingi bado zina nailoni za kiwandani kwenye viti. Hazina mafuta, hazina mabaharia, fedha ya mabaharia ilikwenda kwenye boti. Hii ndiyo ya kwanza ninayoikuta inafanya kazi. Mko mbele ya jeshi zima.”

Alikuwa na machozi, nasema kweli. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo linaloniuma. Nilimpa pai ya kwandongi, yale matunda mekundu ya kwetu, na nikaweka malai juu, kitu ambacho simfanyii kila mtu. Nilikuwa na uhakika tumepona.

Wiki chache baadaye Meja aliingia jikoni kwangu, akasimama, hakukaa.

“Makao makuu wamefurahi sana,” akasema.

Nilivyomwona uso nikazima jiko.

“Wabunge wameanza kuulizia zile boti, kwa nini hazitembei. Kwa hiyo yetu inapelekwa pwani ya kaskazini, ikaonyeshwe. Lori linakuja wiki ya mwisho ya Juni.”

“Na pampu?”

“Ni sehemu ya boti.”

“Hukuwaambia ndiyo inayotupa maji?”

“Niliwaambia, Una. Wamesema wamefurahi kusikia inawafaa na raia.”

“Na hao raia?”

“Mabasi yatakuja Julai.” Aligeuzageuza kofia mkononi. “Fungu la uhamisho lipo. Limejaa.”

Ningeweza kumpiga na sufuria. Badala yake nilikaa chini. Baba alikuwa ameanza kukohoa tangu baridi iingie, na pumzi yake ilikuwa fupi kama ya mtu aliyepanda ngazi. Daktari, ambaye huku tunaongea naye kwa redio tu, alisema ni siku au wiki, na asisogezwe. Nilikuwa nimefika karibu na ahadi yangu, nimeigusa kwa vidole, na sasa watakuja kumteremsha Baba kwenye boti, wamweke kwenye basi, afie barabarani.

Lori lilikuja. Dereva alikuwa jitu lenye ndevu, hana ubaya, anataka tu kupakia aende. Hapo Meja Petherick alifanya kitu ambacho sikukitarajia. Alivaa sare yake yote, na medali, akasimama kando ya bwawa.

“Boti hii haiwezi kutolewa majini,” akamwambia dereva. “Nahodha yumo ndani. Kwa kanuni, nahodha hashushwi. Hushuka mwenyewe.”

“Nahodha ni yule mzee aliyelala?”

“Ni yeye.”

“Na atashuka lini?”

“Akifika.”

Dereva alimtazama, akatazama dirisha la Baba. Kisha akauliza bia inauzwa wapi. Alikaa kwangu siku zote zile, jeshi likilipa, na makao makuu walipopiga simu kwa hasira Meja aliwasomea kanuni hiyo neno kwa neno. Darcy aliniambia baadaye kwamba hakuna kanuni kama hiyo. Meja aliitunga akiwa anapiga mswaki.

Nililala sakafuni kando ya Baba. Asubuhi moja aliamka akili imerudi yote, macho safi.

“Una, hao wanataka boti?”

“Wanaitaka, Baba.”

“Ni yao, sivyo? Wape.” Alivuta pumzi. “Mimi nitashuka hapa.”

“Hapa wapi, Baba?”

“Kwetu, mtoto. Unauliza kama mgeni.”

Nilikwenda kumletea chai. Niliporudi alikuwa ameshashuka.

Tulimzika kilimani kando ya mama, kofia yake juu ya kifua. Darcy alizima injini kabla hatujaanza kupanda, na tukiwa kando ya kaburi ndipo tulipogundua jinsi tulivyouzoea ule mvumo. Bila ya huo, uwanda wote ulikuwa mkubwa mno. Mwari walikuwa wameondoka, hakuna aliyewaona wakienda.

Tulikuwa bado kilimani lori lilipoondoka na boti. Hata Juni jua la adhuhuri huchezea chumvi, na lilipofika mbali magurudumu yakayeyuka, kisha trela, kisha lori lenyewe. Ikabaki boti peke yake, pua imeinuka, inakwenda zake polepole juu ya maji mapana ya samawati, kama Baba alivyokuwa akituambia kila jioni. Meja aliipigia saluti na kukaa hivyo hivyo, mkono juu, mpaka haikuonekana tena.

Mabasi yalikuja Julai kwa wakati wake, na yalikuwa mazuri, yenye kiyoyozi. Sasa naishi Adelaide, karibu kabisa na bahari. Kaka yangu alikuwa ameshalipia kile chumba, na miguu yangu nayo siyo ile ya zamani. Kina dirisha, hakudanganya. Mazulia ni ya rangi ya uji.

Darcy alinipigia simu Novemba. Alikuwa ameachwa kule pamoja na askari mmoja kulinda maturubai. Akaniambia lori limefika, limeleta boti nyingine, mpya, kwa sababu Bremmerton ilionekana inazitumia vizuri. Wameishusha shimoni, kwenye magogo yaleyale. Hakuna tone la maji chini yake, na mji hauna hata mtu wa kuishangaa. Ila kutoka kilimani, akasema, inaonekana yote.

Nilimuuliza inaelekea wapi.

“Pua iko kilimani,” akasema Darcy. “Inamwangalia mzee moja kwa moja.”

Niliweka simu chini, nikakaa pale dirishani. Sikuhitaji kuwa kule kujua Baba amesema nini. Amesema wamechelewa.